Kinachofichwa na ukubwa wa Icon of the Seas

Tangu meli ya Star of the Seas ilipoanza kubeba watalii kutoka Florida mwezi Agosti 2025, video zake na za pacha wake aliyemtangulia, Icon of the Seas, zimejaa tena kwenye simu zetu. Kampala, Entebbe na Jinja nimesikia kauli za aina tatu kuhusu meli hizo. Wa kwanza wanasema hiyo ni Titanic nyingine inayosubiri siku yake. Wa pili wanasema ni ufujaji wa matajiri usiotuhusu. Wa tatu, na hawa ndio wanaosikilizwa zaidi na wanasiasa, wanasema ni aibu kwa Uganda, yenye fungu la ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kukosa hata meli moja ya maana ya utalii. Kauli zote tatu zimekodolea macho ukubwa, na hapo ndipo zinapokosea kwa pamoja. Ukubwa wa Icon ni matokeo. Kilichouzaa ni oda zilizofuatana bila kukatika katika kiwanda kimoja kwa robo karne, pamoja na uvumilivu wa kuijaribu meli kwa muda mrefu kabla ya abiria wa kwanza kukanyaga sitaha. Uganda haihitaji meli ile. Inahitaji sana mambo hayo mawili yaliyoiwezesha, na jiografia ya Ziwa Victoria inatupa faida ambayo tumeiacha bila kuitumia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na tarehe, maana zinaeleza mengi kuliko picha za mabwawa ya kuogelea. Chuma cha kwanza cha Icon kilikatwa Juni 2021 katika kiwanda cha Meyer Turku, kusini-magharibi mwa Finland. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa Aprili 2022, na Desemba mwaka huohuo meli ikaelea kwa mara ya kwanza. Kwa mazoea yetu, siku hiyo ndiyo ya ngoma, hotuba na kukata utepe, na kesho yake watu wangeuliza tiketi zinauzwa wapi. Kule ilikuwa katikati tu ya kazi. Ilipofika Juni 2023 meli ilitoka kwenda baharini kwa siku kadhaa ikiwa na wataalamu zaidi ya 450 na bila mtalii hata mmoja. Walipima injini, usukani, uwezo wa kusimama ghafla, kelele na mtikisiko. Ikarudi kiwandani, ikatengenezwa, ikatoka tena kwa majaribio ya pili baadaye mwaka huohuo. Ilikabidhiwa kwa kampuni ya Royal Caribbean mwishoni mwa Novemba 2023, ikaingia Miami tarehe 10 Januari 2024, na mwanasoka Lionel Messi akaizindua rasmi tarehe 23. Safari ya kwanza ya kulipiwa ilianza tarehe 27 Januari, ya siku saba. Kutoka kuelea hadi kubeba abiria ilikuwa miezi kumi na mitatu. Tena meli mpya haiachi kuwa mpya siku ya kwanza ya kazi: Juni mwaka huo moto mdogo ulizuka ndani yake ikiwa imetia nanga Costa Maya, Mexico, ukazimwa upesi.

Kabla ya kuendelea, kuna takwimu moja inayopotosha mjadala. Watu husema Icon ina tani 248,663, Titanic ilikuwa na tani 46,328, kwa hiyo hii ni nzito mara tano. Tani hizo si za uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, yaani ujazo wa vyumba, kumbi na maghala. Kwa urefu, Icon ina takriban mita 365 na Titanic ilikuwa na mita 269, na tofauti hiyo si ya kutisha kama inavyosimuliwa. Kilichoongezeka sana ni upana na idadi ya ghorofa, ambazo ni ishirini, zinazowezesha kubeba hadi abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ni muhimu kulielewa hili, kwa sababu anayedhani ufundi wa meli hii ni kubeba uzito wa ajabu hataona kwamba ufundi wenyewe ni kupanga maelfu ya vyumba vinavyofanana na kuviingiza ndani ya chombo kwa wakati. Vyumba vya meli za Turku hutengenezwa katika karakana ya Piikkiö, karibu na kiwanda, vikiwa na bafu, taa na mabomba yake, kisha vinasafirishwa kwa barabara na kusukumwa hadi mahali pake.

Na Turku haikuamka siku moja ikajua kufanya hivyo. Mji huo umeunda meli tangu mwaka 1737. Kwa upande wa meli za watalii za aina hii, kiwanda chake kilitoa Voyager of the Seas mwaka 1999, yenye ujazo wa tani zipatazo 137,000. Mwaka 2006 kikatoa Freedom of the Seas. Mwaka 2009 ikatoka Oasis of the Seas, tani 225,282, na mwaka uliofuata Allure. Kisha ikaja Icon, sasa Star, na nyingine ya aina hiyohiyo, Legend of the Seas, ikapangwa kwa mwaka 2026. Mchomeleaji aliyeanza kazi akiwa kijana kwenye Voyager aliweza kuwa msimamizi kwenye Oasis na mwalimu wa wengine kwenye Icon. Ujuzi wa namna hii hauandikwi wote kwenye michoro. Unakaa kwenye mikono ya watu, na mikono isipopata kazi kwa miaka kumi, watu huondoka na ujuzi huondoka nao.

Wenye kuamini kwamba soko peke yake ndilo lililojenga haya wanapaswa kuitazama historia hiyo vizuri zaidi. Kampuni ya Wärtsilä Marine iliyomiliki kiwanda cha Turku ilifilisika mwaka 1989, meli zikiwa bado zinajengwa. Ikaundwa Masa-Yards ili kazi isikatike. Baadaye umiliki ukapita kwa Kvaerner ya Norway, kwa Aker, kwa STX ya Korea Kusini, na mwaka 2014 kwa familia ya Meyer ya Ujerumani, serikali ya Finland nayo ikichukua hisa mwanzoni ili mpito uwe salama. Kiwanda kingine cha Meyer kilichoko Papenburg, Ujerumani, kiliokolewa mwaka 2024 pale serikali ya shirikisho na jimbo lake ziliponunua takriban asilimia 80 ya hisa. Fincantieri ya Italia na Chantiers de l'Atlantique ya Ufaransa, nazo dola ina hisa nyingi ndani yake. Wamiliki walibadilika, mabango ya langoni yalibadilishwa, lakini kazi haikusimama. Hakuna taifa lolote kati ya hayo lililoacha viwanda hivi vya meli vife eti mwaka mmoja mahesabu hayakukaa sawa.

Sasa nirudi kwa wale wanaotaka meli ya utalii Ziwa Victoria. Nawaelewa, na si watu wa kubezwa. Wanachokiona ni fedha, na kweli fedha ipo. Lakini wajiulize fedha hiyo inabaki wapi. Meli kubwa za aina hii hupata faida kwa kugawanya gharama za injini, mafuta na manahodha kwa maelfu ya abiria, kisha kuwauzia vinywaji, michezo na matembezi abiria haohao wakiwa ndani. Miami ina uwanja wa ndege unaoleta watu kutoka kila pembe ya Marekani. Kituo kinachopendwa sana kwenye safari hizo ni CocoCay, kisiwa cha Bahamas kinachoendeshwa na kampuni yenyewe, kwa hiyo hata mtalii akishuka kutembea, pochi yake haijatoka mikononi mwa mwenye meli. Muuza matunda wa bandari jirani hupata kidogo. Tukijenga kwa mkopo hoteli inayoelea ya kuzunguka visiwa vya Ssese, tutakuwa tumeiga sehemu ya biashara hiyo inayomnufaisha mwenye chombo na kuacha sehemu inayomnufaisha mkazi wa ufukweni. Mvuvi wa Bugala na mama mwenye nyumba ya wageni Lutoboka hawahitaji watalii wanaolala ndani ya meli. Wanahitaji chombo cha uhakika kinachofika kila siku kwa saa inayojulikana, kikileta wageni wa kulala kwao na kuondoka na samaki na mananasi yao.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya Titanic, nami naijibu kwa sababu inatufanya tuogope kitu kisicho chetu na kusahau kilicho chetu. Titanic ilizama Aprili 1912 ikiwa na mashua za kuokolea zilizotosha takriban nusu tu ya watu waliokuwamo ndani, na kutokana nayo mataifa yalitia saini mkataba wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Mkataba huo umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Meli kubwa za abiria ambazo mkuku wake ulilazwa kuanzia Julai 2010 zinatakiwa kuundwa kwa namna ambayo moto au maji yakiingia sehemu moja, ziweze kurudi bandarini kwa nguvu zake zenyewe, watu wakiwa salama ndani. Ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, iliyoua watu 32 pwani ya Italia, nayo ilizaa kanuni ya kuwafundisha abiria namna ya kujiokoa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka, badala ya kungoja hadi siku inayofuata. Sisemi meli hizo haziwezi kupata ajali. Nasema kila maafa yalibadilisha sheria, na sheria zikabadilisha michoro.

Tuweke hilo kando ya yaliyotokea hapa nyumbani. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilipinduka upande wa Mukono ikiwa na vijana waliokuwa wakisherehekea, na zaidi ya watu thelathini wakafa si mbali na nchi kavu. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, tena haikuwa na leseni. Miezi miwili kabla ya hapo, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimezama karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu mia mbili. Mwaka 1996 ilikuwa MV Bukoba. Anayetaka kuogopa chombo cha majini asiogope kile chenye ghorofa ishirini kilichojaribiwa mara mbili baharini. Aogope boti ya mbao inayoondoka mwaloni jioni, injini ikiwa ya kuazima, maboya yakiwa yamefungiwa stoo, na hakuna aliyehesabu watu. Uganda sasa ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, na ni sheria nzuri. Lakini sheria inahitaji mkaguzi, na mkaguzi anahitaji chelezo cha kupandishia chombo ili atazame chini ya tumbo lake. Bila chelezo, ukaguzi unaishia kwenye rangi ya juu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naliona la thamani kuliko yote, na silisikii likisemwa Kampala. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na halina njia ya meli ya kuingilia. Hakuna kiwanda cha Ulaya wala cha China kinachoweza kuunda meli, kuijaza mafuta na kuileta Port Bell ikielea. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Scotland miaka ya 1890, ikaletwa Mombasa ikiwa vipande, ikapandishwa bara na kuunganishwa Kisumu, ambako ilishushwa majini mwaka 1900. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaja kwa njia hiyohiyo na kuunganishwa Kisumu. Meli za kubeba mabehewa za Kabalega, Pamba na Kaawa, ambazo Uganda ilizinunua Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, nazo zilibidi ziunganishwe humuhumu ziwani. Kwa miaka yote hiyo ziwa limelazimisha kila mwenye meli aajiri mafundi hapa, na kila mara tumewachukulia mafundi hao kama vibarua wa muda. Meli ikishuka majini, kambi inavunjwa, vijana wanarudi kuchomelea mageti na matangi ya maji. Meli inayofuata ikija baada ya miaka ishirini, tunaanza na watu wasiowahi kuona mkuku ukilazwa. Finland hulazimika kushindana na dunia nzima kwa kila oda. Sisi tuna soko ambalo mtu wa nje hawezi kulifikia bila kupitia mikono yetu, na hatujalijengea kitu cha kudumu.

Wenzetu wa Mwanza wameanza kulielewa hili. Serikali ya Tanzania ilipotia saini mwaka 2018 mikataba ya kuunda meli mpya, iliagiza na ujenzi wa chelezo pamoja na ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama. Meli hizo mbili za zamani zilirudi kazini mwaka 2020, na MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na uwezo wa abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Safari yake ya kukamilika baada ya hapo haikuwa ya mkato, na waliolalamika walikuwa na sababu zao, hasa kuhusu fedha. Lakini chelezo kimebaki, na kitabaki meli hiyo ikizeeka. Hata MV Kalangala, tunayopanda Nakiwogo kwenda Lutoboka, iliundwa na karakana ya Songoro ya Mwanza. Nimeipanda nikiwa nimekaa na mafundi wa Entebbe waliokuwa wakienda kurekebisha boti visiwani. Waliijua kila sauti ya injini yake, ila hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kushiriki kuunda chombo cha chuma tangu mwanzo.

Kuna pingamizi mbili nzito ambazo sitazikwepa. Ya kwanza ni kwamba soko letu ni dogo: chuma, injini na vyombo vya kuongozea vitatoka nje, na kiwanda kinachounda meli moja kubwa kila baada ya miaka mitano kitakufa njaa. Ni kweli, na ndiyo maana ndoto ya meli kubwa ya utalii ni hatari, kwani itameza fedha zote kwa chombo kimoja kisicho na mdogo wake. Lakini tazama vivuko vya Uganda: Laropi na Obongi kwenye Mto Nile, Wanseko Ziwa Albert, Masindi Port, Zengebe kwenda Namasale Ziwa Kyoga, Kiyindi kwenda Buvuma, Bukakata kwenda Luuku. Vyombo hivi vimepatikana kwa nyakati na mikataba tofauti, vikiwa na ukubwa tofauti na injini tofauti. Kimoja kikiharibika, kipuri cha kingine hakimfai, na wasafiri wanalala ukingoni. Tukichora kivuko cha aina moja au mbili na kuviunda kimoja baada ya kingine kwa miaka kumi, huo tayari ni mfululizo. Ni mdogo, lakini kwa kanuni ni uleule uliotoka Voyager hadi Icon. Kuhusu kuagiza injini nje, hilo halimsumbui hata Mfini. Viwanda vikubwa vya meli navyo hununua mitambo na vifaa kwa mamia ya kampuni nyingine.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, nami naliona zito zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli za pamoja ziligawanywa, na Uganda ikajikuta bila chombo cha maana. Ndiyo sababu tukaenda Ubelgiji. Mtu anayekumbuka hayo ana haki ya kuuliza kwa nini tutegemee chelezo cha jirani. Na mtu wa Kisumu atauliza vivyo hivyo kuhusu Mwanza. Jibu langu ni kwamba tugawane kazi badala ya kila nchi kujenga kila kitu. Meli za urefu wa mita tisini ziundwe na kukaguliwa Mwanza au Kisumu, ambako tayari kuna vyelezo na historia. Uganda ijichukulie vivuko, ambavyo ndivyo inavyovihitaji kwa wingi kuliko majirani wake, kwa kuwa sisi tuna Nile, Kyoga na Albert pamoja na Victoria. Makubaliano yawe ya kibiashara yenye muda na bei, ili yasitegemee urafiki wa viongozi waliopo.

Kwa hiyo mradi wa bandari mpya ya Bukasa, kando ya Ziwa Victoria karibu na Kampala, unapoletwa tena bungeni, wabunge wasiulize tu bandari itapokea shehena kiasi gani. Waulize chelezo kitakaa wapi, chombo cha urefu gani kitaweza kupandishwa, na nani atalipa mishahara ya wachomeleaji katika miezi isiyo na oda mpya, ambayo ndiyo miezi ya ukarabati. Mkataba wa kivuko chochote kipya uonyeshe kwamba michoro ni mali ya serikali, ili cha pili kisinunuliwe upya kama kwamba cha kwanza hakikuwapo. Uonyeshe pia siku za majaribio bila abiria, na jina la ofisi yenye mamlaka ya kukirudisha chombo kiwandani hata kama waziri ameshatangaza tarehe ya uzinduzi. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kuchomelea. Mitaala yao iongezwe uchomeleaji wa mwili wa meli, wenye vipimo vyake na vyeti vyake, na mwanafunzi apelekwe Mwanza miezi sita akafanye kazi kwa Kiswahili hichohicho ambacho baraza la mawaziri mwaka 2022 liliamua kifundishwe mashuleni.